Huruma ya Inboksi

Kuna watu wana huruma ya kutosha, tatizo huruma yenyewe haifiki kwenye grupu. Inaishia inboksi. Jioni nzima wamekaa kwenye grupu wanamponda mwenzao, wakishashiba wanakuja pembeni kukunong'oneza: "Ila kaka, jamaa wamemuonea sana." Wamemuonea! Akina nani hao? Natazama jina la aliyeandika, narudi kwenye grupu, nakuta stika yake ya mtoto anayegaragara kwa kicheko bado imekaa palepale, chini ya ujumbe wa huyohuyo anayeonewa.

Nimechoka kupokea pole za watu wengine. Zinajaza simu, zinakula bando, na mwenye kuzistahili hazimfikii.

Mimi ni mlalamishi na sijifichi. Nalalamikia foleni ya Mbagala, nalalamikia bei ya vitunguu, nalalamikia kondakta anayetangaza kuna nafasi nyuma wakati huko nyuma watu wanapumua kwa zamu. Mke wangu anasema hata mvua ikinyesha kwa kiasi nitasema imenyesha upande. Lakini hili la huruma ya inboksi limenikaa kooni tangu kamati ya harusi ya juzi, na leo naomba nilitoe.

Harusi ya Dar es Salaam, kwa msomaji ambaye hajawahi kuingizwa kwenye kamati (hongera yako), haifungwi na watu wawili. Inafungwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kamati ndogo ya chakula, kamati ndogo ya mapambo, kamati ndogo ya usafiri, na watu kadhaa ambao kazi yao hakuna anayeijua ila kwenye vikao hawakosi. Siku hizi vikao vingi vimehamia WhatsApp. Unaamka asubuhi, umeshaunganishwa, hukuulizwa, na picha ya maharusi watarajiwa inakukodolea macho. Zamani grupu moja lilikuwa linabeba watu 256. Tangu mwaka 2022 linabeba 1,024. Waliobuni jambo hilo kule California hawajawahi kuchangia sherehe ya Kitanzania. Wangejua, wangeishia kumi na wawili.

Kila mtu anaahidi kiasi, ahadi inaandikwa kwenye orodha, na mtu akilipa, orodha inarushwa upya yote, kuanzia namba moja, hata kama aliyelipa ni mmoja na kalipa elfu kumi. Ndiyo maana kijana nitakayemzungumzia nitamwita Namba 41. Ndivyo nilivyomfahamu. Namba arobaini na moja, ahadi laki moja, amelipa elfu thelathini, baki elfu sabini.

Jumanne usiku katibu akarusha orodha yenye kichwa cha habari WADAIWA SUGU, na picha ya king'ora chekundu kila upande. Namba 41 akajibu. Nauweka ujumbe wake hapa kama ulivyokuwa: "Habari za jioni wanakamati. Naombeni mnivumilie, nilichonacho kwa sasa ni hicho. Mambo yamekaa vibaya kidogo. Mbarikiwe."

Usome tena taratibu. Una salamu, una ombi, una baraka. Hata makosa ya tahajia hauna, jambo ambalo katibu wetu mwenyewe hajawahi kulifikia. Kwenye kikao cha ana kwa ana mwenyekiti angesema "tumekuelewa, ndugu mjumbe", mtu angekohoa, agenda inayofuata.

Kilichofuata ni stika. Kisha stika nyingine. Kisha mtu mmoja akaandika: "Mambo yamekaa vibaya lakini stetasi ya Jumamosi ilikaa vizuri." Na kabla hujapepesa, skrinshoti ikatua. Sahani ya mishkaki, ndizi za kuchoma, kachumbari, soda. Aliyeileta alikuwa amezizungushia mishkaki duara jekundu, moja baada ya nyingine, na kuzipa namba. Nilistaajabu. Huyu ni mtu ambaye tulimwomba kwa wiki nzima apitie ukumbi kuulizia bei, akasema yuko nje ya mji na mtandao unasumbua. Leo ana mtandao, ana muda, ana na kalamu nyekundu.

Hapo mlango ukawa wazi. "Usiahidi kama huna." "Ahadi ni deni." "Vijana wa siku hizi." Mama mmoja akaweka fungu la Mhubiri kuhusu mtu anayeweka nadhiri asiiondoe, akamalizia na emoji ya viganja vilivyounganishwa, utafikiri tunafunga kwa sala. Mwingine akauliza kama hiyo soda ilikuwa ya kopo au ya chupa, maana ya kopo ni ghali zaidi, na swali hilo likajadiliwa na watu wazima wenye wake, waume na vyeo vya kazini. Zikaja sauti za dakika tatu tatu. Sauti za dakika tatu kuhusu elfu sabini!

Kisha akafika yule ambaye hakosekani popote. Kaingia saa tatu usiku, kaandika: "Sijasoma huko juu, ila huyu jamaa ndivyo alivyo." Hajasoma! Meseji zote zilizo juu yake hajui hata moja inasemaje, ila hukumu anayo mfukoni, katoka nayo nyumbani. Watu wa namna hii nina hakika siku ya kufufuliwa watatoka kaburini wakiuliza nani anasemwa.

Ndani ya saa moja elfu sabini ilishasahaulika. Sasa ilikuwa kazi yake, gari lake (ambalo kumbe ni la shemeji yake, wakaligundua na hilo), na kola ya shati kwenye picha yake. Sehemu kubwa ya waliokuwa wakiandika hawajawahi kumtia machoni. Hata mimi sijawahi. Ninachojua ni kwamba anapenda mishkaki, nalo si kosa la jinai.

Naye wakati wote huo hayupo. Alishatuma ujumbe wake akaenda zake. Mmoja akafikia hatua ya kubonyeza meseji kuangalia nani kasoma na nani hajasoma, akaja mbio na ripoti: "Kasoma! Kasoma na kanyamaza!" Ungedhani kamkamata mpakani. Mtu akijibu, ana mdomo. Asipojibu, ana dharau. Akiomba radhi, kumbe anajua kosa lake. Hakuna njia hapo ya kutokea ila kulefti, na ukilefti nako unatangazwa. WhatsApp tangu 2022 imeweka utaratibu wa kutoka kimyakimya, wanaoarifiwa ni maadmini peke yao. Admini wetu akiarifiwa tu, anatuarifu na sisi wote, na kukutakia maisha mema.

Sasa kitu kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyekuwa na hasira. Nimewachunguza. Magazeti yetu yanapenda kuandika kwamba mwizi wa kuku kapigwa na wananchi wenye hasira kali, nami siku zote najiuliza hasira hiyo wanaitoa wapi, kwa sababu nusu ya wapigaji walikuwa wanapita kwenda dukani. Kuku si wao. Mwenye kuku yuko nyuma huko anahema, hajafika. Kwenye grupu letu vilevile: bwana harusi, ambaye fedha ni zake, hakuandika neno. Waliokuwa wakiandika walikuwa wameshakula, mpira umekwisha, umeme upo, na bando la usiku limeshaanza kuhesabu.

Msinielewe vibaya, kushambuliana hakukuletwa na simu. Sisi wa pwani tunajua kusutwa. Akina mama walikuwa wanajipanga, wanashona au kununua khanga sare, wanatafuta ngoma, wanaongozana mpaka kwenye kibaraza cha mtu, na pale anapewa vidonge vyake mbele ya mtaa mzima. Silisifii jambo lile. Watu wamehama mitaa kwa sababu ya kusutwa. Lakini kulikuwa na gharama. Khanga ni fedha. Jua ni kali. Chungu umekiacha jikoni. Shahidi wa maneno unayosema lazima uje naye, kwa sababu anayesutwa ana mdomo na ana haki ya kukana palepale. Na kubwa kuliko yote, ulikuwa unamwona. Yuko mbele yako, kibarazani kwake, mtoto kamshika upindo wa nguo. Kesho asubuhi ndoo yako na ndoo yake zitakutana kwenye foleni ya bomba. Na kuna mwisho: ikiadhiniwa magharibi kila mtu anarudi kwake, waume wanataka kula.

Kwenye simu khanga ni bure, na magharibi haiingii. Unamsuta mtu ukiwa kitandani, mguu juu ya mto, huku unatafuna karanga.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, John Suler, alieleza kwa nini watu wakiwa mtandaoni wanasema mambo ambayo ana kwa ana wasingethubutu. Sababu zake ni kadhaa, na ya kwanza ambayo watu huikumbuka ni majina ya bandia. Basi kwa magrupu ya harusi hiyo tuiondoe. Hapa hakuna anayejificha. Kila mtu ana jina lake kamili, cheo chake, picha yake amevaa suti siku ya mahafali. Anatukana na suti. Zinazobaki ni zile sababu nyingine za Suler: kwamba humwoni mtu usoni, na kwamba unaweza kusema la kwako ukazima data ukalala, kilio kikaja wewe unakoroma. Serikali nayo ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na kumnyanyasa mtu kwa ujumbe wa simu au kompyuta ni kosa humo, lakini sijasikia kamati ya harusi imepanda kizimbani. Na ukumbi ungetosha kweli.

Wenzetu wa mbali hawako salama zaidi. Desemba 2013 mwanamke mmoja, afisa uhusiano wa kampuni ya Marekani, alipanda ndege London kwenda Cape Town. Kabla ya kupanda akaandika Twitter utani mbaya kuhusu Afrika na UKIMWI. Ulikuwa utani wa ovyo, sitautetea, na mimi ni Mwafrika. Wafuasi wake hawakuzidi mia mbili. Safari ni ya saa kumi na moja hivi, simu imezimwa. Yeye huko angani anapewa chakula kwenye trei, huku chini dunia nzima inamsubiri atue, wanafuatilia ndege yake kwa saa na dakika, na mtu mmoja akaenda uwanja wa ndege kabisa kumpiga picha akitoka. Muda mfupi baada ya kutua akawa hana kazi. Hebu mfikirie yule aliyekwenda uwanja wa ndege. Kaoga, kavaa, kapanda gari, kaenda kumpokea mgeni kwa lengo moja tu, kumwona akijua kwamba amekwisha.

Kuna wakati kelele za wengi ni halali, na hapo mimi nitapiga vigelegele. Julai 2015, Rais Obama alipokuwa anakwenda Kenya, CNN waliielezea nchi ile kuwa kitovu cha ugaidi. Wakenya wa Twitter wakaamka wote. Mwezi uliofuata mkubwa wa CNN wa upande wa kimataifa, Tony Maddox, akapanda ndege mpaka Nairobi kuomba radhi. Safi sana. Pale watu wenye simu za kawaida walikuwa wanalisemesha shirika lenye setilaiti. Sisi tulikuwa watu wa ukumbi mzima na emsii wetu, dhidi ya kijana mmoja na mishkaki zake. Msichanganye.

Nirudi kwenye grupu. Kiasi cha saa nne usiku mama mmoja wa kamati ndogo ya chakula aliandika kwa woga: "Labda ana mgonjwa nyumbani jamani." Ghafla joto likashuka. Mgonjwa? Nani anaumwa? Kalazwa wapi? Wale wale waliokuwa wakihesabu mishkaki wakaanza kuandika "aisee" na "Mungu amsaidie". Kisha mmoja akauliza kama kuna mwenye uhakika. Hakuna. "Basi kama angekuwa na mgonjwa angesema." Joto likapanda upya.

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Yaani kwetu mtu hahurumiwi kwa kuishiwa tu. Kuishiwa hakutoshi. Lazima kuwe na mgonjwa, na mgonjwa awe na wodi, na ikiwezekana picha ya dripu. Huruma yetu inatolewa kama mkopo wa benki, bila dhamana hupati. Namba 41 alisema mambo yamekaa vibaya, na mimi naona hiyo ni sentensi kamili. Mtu mzima akisema hana, hana. Mishkaki za Jumamosi huenda alinunuliwa. Huenda alinunua mwenyewe kwa fedha yake ya mwisho, kwa sababu mwenye shida naye anasikia njaa na anapenda pilipili kama wewe.

Nikaandika: "Jamani, kijana kaomba avumiliwe, na elfu thelathini yake tumeipokea. Tumwache."

Majibu yalikuja kwa kasi ambayo wangechangia nayo, harusi ingefanyika Serengeti. "Wakili kafika." "Basi mlipie wewe hizo sabini." Hili la kulipia liliungwa mkono na watu wengi, likapigiwa makofi ya emoji, na katibu akauliza, kwa utulivu kabisa, kama aniandike. Sikumlipia. Sina tabia hiyo, na yangu mwenyewe nilikuwa nimeimaliza kwa kuuza kabati. Lakini angalau kwa muda walimwacha Namba 41 wakanigeukia mimi, wakachimbua stetasi zangu, na bahati yangu mimi stetasi zangu zote ni malalamiko ya maji.

Nikakaa nasubiri mtu wa pili.

Kuna jambo moja kuhusu mtu wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch, kwenye chuo cha Swarthmore kule Pennsylvania, aliwakalisha vijana mezani akawaonyesha kadi zenye mistari. Swali lilikuwa rahisi la kitoto: mstari upi una urefu sawa na huu? Ujanja ni kwamba mezani pale kila mmoja alikuwa amepangwa isipokuwa mtu mmoja, na waliopangwa walikuwa wanataja jibu la uongo kwa sauti, wote lile lile. Mtu akiwa peke yake alikuwa hakosei ila kwa nadra sana. Akizungukwa na waongo, karibu theluthi moja ya majibu yake yaliwafuata wao, na watu watatu kati ya wanne walifuata walau mara moja. Mstari unauona kwa macho yako mawili, unasema mfupi ni mrefu kwa sababu meza nzima imesema hivyo.

Lakini Asch alifanya na jaribio jingine. Akampa yule mtu mwenzake mmoja tu mezani, mmoja anayesema ukweli. Makosa yakaporomoka mpaka robo ya yale ya mwanzo. Mmoja! Hakuhitaji kuwa na cheo, hakuhitaji kutoa hotuba. Ilitosha asikike akisema mstari ule ni mfupi.

Ndiyo maana nilikuwa nasubiri mtu wa pili. Na mtu wa pili akaja kweli. Akaja inboksi.

"Kaka umesema kweli, wamezidi." Wa tatu naye: "Nimekupenda bure, mzee. Hawa watu hawana utu." Wa nne, na huyu ndiye yule wa mtoto anayegaragara: "Ila kaka, jamaa wamemuonea sana." Simu inatetemeka tu mkononi. Ukizihesabu pole zilizoingia inboksi kwangu usiku ule, nadhani tulikuwa na kura za kutosha kubadilisha mwenyekiti. Kwenye grupu, kimya. Kwenye grupu mimi ndiye wakili peke yangu, na mteja wangu hayupo.

Nikamwuliza huyo wa nne: kwa nini husemi kwenye grupu? Akajibu: "Sitaki kuchafua hali ya hewa kaka." Nikamwuliza: na stika ulituma ya nini? Tiki zikawa bluu. Ikaja ile ya "anaandika...", ikakatika, ikaja tena, ikakatika. Mwisho ujumbe ukaingia: "Ile nilibonyeza bahati mbaya." Alituma mbili.

Admini wakati huo yuko mtandaoni, naona kabisa. Tangu 2018 admini ana uwezo wa kufunga grupu, asiandike mtu yeyote asiye admini. Uwezo huo anautumia kila asubuhi kutuwekea salamu za ua waridi na kikombe cha chai, tusije tukamharibia kwa kujibu. Usiku ule akauacha uwanja wazi. Nadhani alikuwa anaburudika.

Aliyemaliza mambo ni shangazi wa bwana harusi. Shangazi huyu ni wa Tanga, anaandika kwa herufi kubwa siku zote kwa kuwa hajui zinapozimwa, na meseji za juu hasomi kwa sababu macho yanamuuma. Saa nne na nusu akatokea: "NAMBA 41 TUMEPOKEA AHSANTE MWANANGU. HIVI VITI NI VYA UKUMBI AU TUNAKODI MAANA MWAKA JANA WATU WALISIMAMA."

Basi. Ikakatika kama umezima redio. Hakumtetea mtu, hakumkemea mtu. Alikuwa anataka kujua habari za viti. Ila alisema "ahsante mwanangu" mbele ya wote, na baada ya hapo nani atamzungushia duara jekundu mwanawe shangazi? "Viti ni vya ukumbi, shangazi." "Shikamoo shangazi, viti vipo, ila vitambaa vya viti ndiyo tunakodi." Yule wa mishkaki, ambaye kumbe ana uzoefu mkubwa wa vitambaa, akatoa bei tatu tofauti. Mtu mmoja aliyechelewa akarusha stika ya kicheko, akaona hakuna anayecheka, akaifuta. Mimi nami nikatulia kwa kuwa hoja ya viti ilikuwa ya msingi. Mwaka jana nilisimama.

Shangazi, nilipompigia kesho yake kumshukuru, hakukumbuka. "Namba arobaini na moja ndiye nani?" akaniuliza. Nikamwambia ni yule aliyetoa thelathini. "Ehe, si katoa? Sasa?" Akabadilisha mazungumzo, akataka kujua kwa nini sijampelekea dagaa.

Harusi ilifanyika, ilipendeza, watu walikaa. Namba 41 hakuwepo, kwa sababu kadi ya mtu mmoja ilianzia elfu hamsini na katibu ni mtu wa taratibu. Wiki mbili baadaye tukakutana kuvunja kamati, kama ilivyo desturi, na fedha iliyobaki kwenye mfuko ikanunua mbuzi na mishkaki. Mishkaki nyingi kweli, na ndani yake ilikuwemo elfu thelathini ya yule kijana. Watu walipiga picha, wakaweka stetasi. Duara jekundu sikuliona. Nikamuuliza yule bwana wa kalamu kama ameisahau nyumbani, akacheka sana, akanipa kiti.

Grupu halikuvunjwa. Limebadilishwa jina, sasa ni la sendofu ya binti wa mwenyekiti, na orodha mpya imeshaanza. Mimi ni namba 17.

Kwa hiyo nawaombeni, ndugu zangu mnaonitumia zile meseji za saa nne usiku: namba yangu kuanzia leo haipokei pole ya mtu mwingine. Mwenye pole aiandike kwenye grupu, neno moja linatosha, hata "tumepokea" linatosha, na asiogope kuambiwa alipie, ataambiwa tu na hatalipa. Kama kuandika kunamshinda, basi aulizie viti. Na kama hata hilo anaona aibu, sawa, akae kimya kama wanavyokaa wengi, ila na ile stika ya mtoto naye akae nayo.